Maji Yenye Njaa ya Chokaa

Samovari ilikuwa safi ndani, na hilo ndilo lililomshtua Sanam.

Mtu wa kwingine angecheka. Lakini Kuktosh hakuna chombo cha maji kisichoota gamba. Chemchemi ya kijiji inatoka chini ya mlima wa mawe ya chokaa, na kila maji yanapochemshwa huacha utando mweupe, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka birika linakuwa zito, linachelewa kuchemka, na wanawake wanaligonga kwa nyundo ya mbao huku wakililaani. Samovari ya mama mkwe wake, birika kubwa la shaba la kuchemshia maji ya chai, ilikuwa na gamba nene la miaka thelathini ambalo siki ilishindwa kulitoa. Asubuhi ile Sanam alipofunua kifuniko ili aongeze maji ya chai, shaba tupu ilimng'aria machoni.

Mama mkwe, Hurmomo, alikuja kuchungulia, akapitisha kidole ndani, akakitazama kidole.

"Kumbe mkwe wangu ana mikono," alisema. "Umetia siki?"

"Sijaigusa, mama."

"Basi imejioga yenyewe. Haya, nipe chai."

Sanam alicheka kidogo kwa heshima, akaongeza maji. Ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu ajifungue Zebo, mtoto wake wa kwanza baada ya miaka sita ya kuombewa, kusemwa na kuonewa huruma na kila jirani mwenye ulimi. Katika siku arobaini za baada ya uzazi mama na mtoto hawatoki nje wala hawaachwi peke yao, na chini ya mto wa mtoto huwekwa kisu na kipande cha mkate, kwa sababu majini hupenda damu mbichi na vitu vipya. Mtu aliye ndani ya siku hizo akianza kusema ameona ajabu, wanawake humwangalia vibaya. Alimwuliza tu jirani, kupitia dirishani, kama birika lake limebadilika. Jirani alimjibu kwamba birika lake ni lilelile, jeupe na zito, na maji wanachota mfereji mmoja.

Siku tatu baadaye aliosha mayai mawili akayaacha ndani ya bakuli la maji, akaenda kunyonyesha. Aliporudi maganda hayakuwepo. Mayai yalikuwa pale chini, uchi, yamefunikwa na ngozi tu, yanatetemeka kila alipogusa bakuli. Maji yalinuka jiwe lililolowa, na ndani ya harufu ile kulikuwa na uchachu mdogo. Aliyamwaga nyuma ya nyumba asimwambie mtu.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kusikia tone. Ilikuwa kiangazi, jua linachoma, dari kavu. Tone lilianguka mahali fulani ndani ya chumba, likanyamaza, likaanguka tena. Aliinua magodoro, akakunja zulia, hakuona unyevu popote. Alichogundua, na angefurahi kama asingegundua, ni kwamba tone lile lilienda polepole mchana kutwa, na mumewe akiingia tu kutoka kazini likaongeza mwendo.

Mumewe, Norbuta, alikuwa mkata mawe. Alikata mawe ya ujenzi kwenye machimbo ya wazi upande wa barabara, kama baba yake Eshkobil kabla yake. Majira ya kuchipua yale alikuwa amepata kazi nzuri mjini Denov, hakusema ya nini, akaongeza chumba kipya na kununua kitanda cha mtoto cha kuchongwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mizaha. Tangu mtoto azaliwe alikuwa akinywa chai akitazama dari.

Hapa lazima niseme habari ya pango, maana bila pango hakuna hadithi. Liko juu ya kijiji, mwendo wa saa moja, na ndani kabisa, mahali ambapo hata saa sita mchana ni giza, palikuwa na mawe mawili. Moja lilining'inia kutoka juu, refu kuliko mtu, nalo liliitwa Bwana Arusi. Lingine liliota kutoka chini likimwelekea, nalo ni Bi Arusi. Kati yao palibaki nafasi ya kupitisha kisu. Watu wa Kuktosh walisema mwenyewe wa pango, jini wa maji, ndiye anayewaoza, na siku watakapogusana atapumzika.

Marehemu Eshkobil alimweleza Sanam alipokuwa bi arusi mpya, maana ujanani alibeba kamba za wapimaji waliokuja kuchora ramani ya mapango. Mvua ikinyesha mlimani, alisema, inapita kwenye udongo wa miti ya mireteni, inabeba ile hewa nzito ya mizizi na majani yaliyooza, na maji yanakuwa machachu. Machachu kidogo mno, ulimi wa mtu hauwezi kuonja. Lakini jiwe la chokaa linaonja. Maji yanalilamba, yanapanua nyufa, yanachimba kumbi nzima gizani, na kile yalichokilamba yanakibeba. Yakifika kwenye uwazi wa pango yanaachia ile hewa, na chokaa inabaki pale tone lilipoanguka. Unene wa ukucha kwa maisha ya mtu mzima. Maji yaleyale yanakula huku na kulisha kule, mzee alisema, na yasipopata pa kulisha, yatakula tu.

Siku ya arobaini ikafika. Siku hiyo mtoto huogeshwa kwa vijiko arobaini vya maji, kimoja kimoja, huku bibi yake akihesabu, na ndipo anapotoka kwenye hatari. Nyumba nyingi hutumia maji ya kisimani. Nyumba iliyochelewa kupata mtoto hutumia maji ya pango, yaliyodondoka kutoka juu bila kugusa ardhi, na huchotwa na mwanamke aliyekoma kuzaa, aende peke yake, asiseme na mtu njiani. Hurmomo alikuwa ameisubiri safari hiyo kwa miaka sita. Alivaa viatu vya kupandia, akachukua kibuyu.

Norbuta alisimama mlangoni. Alisema jua kali, mama atachoka, atakwenda yeye.

"Tangu lini mwanamume akachota maji ya arobaini?" mama yake alimwuliza. "Unataka mtoto wa kike aote ndevu?"

"Basi chukua ya kisimani. Maji ni maji."

"Baba yako angekusikia angekupiga kofi. Pisha."

Akapisha. Akarudi kukaa, akamimina chai, na Sanam akaona mkono wake ukimwaga chai nje ya bakuli.

Hurmomo alirudi saa nane, amechoka lakini anameremeta. Alisema kwenye giza lile taa yake ilikuwa hafifu, hakuona vizuri, ila safari hii maji hayakumchelewesha. Zamani ungekaa nusu siku kujaza kikombe. Leo mahali pa Bwana Arusi yalikuwa yakidondoka kwa haraka, kibuyu kikajaa kabla hajamaliza dua. Alilichukulia hilo kuwa heri.

Wakamlaza Zebo kwenye beseni. Hurmomo akahesabu kwa sauti, kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kufika cha ishirini Sanam alisikia kwamba kuna mwingine anayehesabu pamoja naye, kwa sauti ya chini, akichelewa kidogo nyuma ya kila namba, naye Hurmomo alikuwa amefumba macho kwa furaha wala hakusikia, na mtoto, ambaye hakuwahi kuogeshwa bila kulia, alikuwa ametulia amekodoa macho juu, anafuata kwa macho kila tone kabla halijaanguka. Kijiko cha arobaini kilipomwagika ile sauti ya pili ikasema arobaini na moja, ikanyamaza.

Jioni Sanam alimvika mtoto nguo ili amfunge kwa vitambaa kwenye kitanda chake, kama watoto wa Kuktosh wanavyolazwa. Alipouinua mkono wa kulia kuupitisha kwenye shati, mkono ulipinda kati ya kiwiko na kifundo, mahali pasipo na kiungo. Mtoto hakulia. Sanam aliuachia, mkono ukarudi taratibu, akaugusa tena kwa kidole kimoja, ukabonyea chini ya kidole kama unga uliokandwa, na hapo akasikia tone likianguka, si chumbani safari hii, ila ndani ya kitanda, chini ya mgongo wa mwanawe, na alipoingiza mkono pale chini godoro lilikuwa kavu kabisa.

Daktari wa wilaya alimpima mtoto akasema mifupa imekosa chokaa, na kwamba hajawahi kuona inavyokwisha kwa kasi hiyo. Aliandika dawa ya matone. Walimpa mwezi mzima. Mwisho wa mwezi miguu yote miwili ilikuwa laini, na kichwa walikilaza kwenye pamba.

Basi Hurmomo akamwita Bibi Ulton, mganga wa ng'ambo ya mto, mwanamke mfupi mwenye dufu na kikohozi. Alikuja asubuhi. Akaagiza pazia zifungwe, akaweka bakuli la maji katikati, akatia ganda la yai ndani yake. Wote wanne walilitazama ganda likitoa povu dogo, likipungua, likiisha. Bibi Ulton akakohoa, akasema chumbani humu kuna mtu anajua jambo na aliseme kabla yeye hajapiga dufu, maana akishapiga atasema mwingine.

Norbuta alitazama zulia.

Dufu likaanza polepole. Halikupita muda Hurmomo, aliyekuwa amekaa karibu na kitanda cha mtoto, akainamisha kichwa, na mdomoni mwake yakaanza kudondoka maji. Hayakuwa mate. Yalikuwa maji safi, tone, kisha tone, na kati ya tone na tone sauti ikatoka ambayo haikuwa yake, sauti iliyokuwa na uwazi mkubwa nyuma yake.

"Nilikuwa nawaoza," ilisema. "Nilibeba mlima mdomoni, chembe kwa chembe, niwafikishe. Wafalme wamekuja na kuondoka, mimi niko palepale. Palibaki upana wa kisu."

"Nani kakukosea?" Bibi Ulton aliuliza kwa mnong'ono.

"Aliyekuja na msumeno wa waya. Siku nne alikata. Nilimwambia acha, alisikia, akaimba ili asinisikie."

Sanam alimgeukia mumewe. Uso wa Norbuta ulikuwa umelowa jasho.

"Walitaka jiwe zuri," alisema kwa sauti ndogo. "La ukumbi wa harusi, kule Denov. Jiwe lisilo na mfano. Nilidhani ni mawe tu, Mama Zebo. Yananing'inia huko gizani hakuna anayeyaona."

"Rudisha," ilisema ile sauti.

"Siwezi. Yamekatwa vipande. Yamekuwa sakafu, watu wanacheza juu yake."

Maji yakaendelea kudondoka mdomoni mwa mama yake.

"Basi nitaichukua chokaa iliyomo nyumbani mwako. Nilianza na vyombo. Sasa niko kwa mpya, kwa sababu mpya ni laini. Kabla ya theluji nitakuwa nimemmaliza, na sitakuacha uzae mwingine nisimmalize. Mimi siharakishi. Pale juu pana mahali patupu na tone langu halina pa kukaa."

Hurmomo akaanguka ubavu. Alipozinduka hakukumbuka kitu, akaomba chai, akalalamika kwamba meno yanamwuma. Mawili yalitoka siku ileile alipouma mkate.

Sanam alimsindikiza Bibi Ulton mpaka getini. Akamwuliza kwa sauti ya chini: kama aliyekata atakwenda kukaa palepale alipokata, itakuwaje?

"Tone likipata pa kukaa, halina haja na mtoto," mganga alisema, akifunga dufu lake kwenye kitambaa. "Ila hakai mtu, mwanangu. Ningekuwa mimi nisingekaa. Nani akae?"

Usiku ule hakuna aliyelala. Norbuta alikuwa amekaa ukutani. Alilia, na Sanam, nisimsingizie, alimwonea huruma. Alikuwa mume mwema kwa kiasi cha wanaume. Alimletea tende kila aliporudi mjini. Katika ile miaka sita hakuwahi kumtupia neno. Kama angenyamaza mpaka alfajiri huenda mambo yangekwenda kwingine. Lakini alijifuta uso, akamsogelea, akamwambia kwa upole kabisa:

"Tutahama. Tutakwenda mbali, mahali pasipo na mlima. Jini la pango halina miguu ya kufika huko. Huyu... huyu Mungu atampokea. Mtoto tutapata mwingine, Mama Zebo."

Sanam alikuwa amemwekea mtoto mkono kichwani, kwa wepesi wa mtu anayegusa utando wa maziwa. Huruma ilimtoka yote kwa mara moja, na kilichoingia mahali pake kilikuwa baridi na hakikumtisha hata kidogo. Alikumbuka mkono uliomwaga chai. Norbuta alikuwa anajua. Aliona kibuyu kikipanda mlimani, akakiona kikishuka, akawa mbele ya beseni vijiko vyote arobaini, na aibu ya mama yake kujua alichofanya ilikuwa kubwa kwake kuliko mifupa ya mtoto.

"Sawa," alimwambia. "Lakini Bibi Ulton kasema tukahame vizuri. Ukaombe radhi kwanza, uwashe utambi palepale. La sivyo litatufuata."

Alifurahi kupewa jambo la kufanya. Kesho yake mchana walipanda, yeye mbele na taa, Sanam nyuma na mtoto kifuani amefungwa ndani ya pamba. Sanam alikuwa amebeba pia tambi za pamba zilizolowekwa mafuta ya kondoo, kama watu wabebazo kwenda kuhiji makaburi ya mawalii.

Pango lilipumua ubaridi. Walipita ukumbi wa kwanza, wakainama, wakapita wa pili. Bi Arusi alikuwa amebaki kisiki tu, bapa na laini kama kigoda, kingo zake bado zina mistari ya msumeno. Juu palikuwa na duara jeupe lililokatwa, na katikati yake tone lilikuwa likijikusanya, likianguka, likijikusanya. Kisiki kilikuwa kimeanza kuliwa. Palikuwa na shimo dogo.

"Kaa hapo," Sanam alimwambia. "Ufumbe macho. Uhesabu matone arobaini ndipo useme radhi."

Alikaa. Tone la kwanza lilimwangukia utosini, akashtuka, akacheka kwa woga, akasema maji baridi haya jamani. Akaanza kuhesabu. Sanam aliwasha tambi akazipanga miguuni pake, na alipoinua uso mumewe alikuwa amefika kumi na nne na ile sauti nyingine ilikuwa inahesabu naye, imechelewa kidogo, halafu haikuchelewa tena, zikawa sauti mbili sawasawa, halafu sauti ya pango ikawa mbele na ya Norbuta ikawa inafuata, naye akajaribu kunyamaza lakini mdomo uliendelea kuhesabu, na kwenye thelathini alijaribu kunyanyuka, mapaja yakatetemeka kwa nguvu alizoweka, suruali ikavutika kwenye jiwe bila kubanduka, na kwenye arobaini pakawa kimya, ila tone tu, na tone lile lilikuwa limepunguza mwendo, limetulia, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Nimenasa," Norbuta alisema. "Mama Zebo, nipe mkono."

Sanam aliokota taa.

"Ulimwona mama akishuka na kibuyu, Baba Zebo," alisema. "Ulikuwa unakunywa chai."

Akatoka. Alimsikia akiita jina lake halisi, jambo ambalo mume wa Kuktosh hafanyi, akalisikia mpaka kwenye ukumbi wa kwanza, na pale nje jua lilikuwa kali na mbuzi wa mtu walikuwa wanakula.

Kijijini alisema mumewe amekwenda Urusi kutafuta kazi, kama wanaume wengine. Watu waliamini. Hurmomo alimtazama mkwe wake viatu, vumbi jeupe limeshika soli, akasema ndiyo, ameaga asubuhi, hata mkate amefungiwa. Hakuuliza neno, siku ile wala baadaye, lakini hakumwita tena mkwe kwa mzaha, na kila Ijumaa alikuwa akilia peke yake zizini.

Theluji ilianguka. Zebo hakufa. Mifupa ya kichwa ndiyo iliyotangulia kukaza, halafu mikono, na kufikia majira ya kuchipua alikuwa anapiga watu mateke kwa nguvu za ndama. Mwezi wa tano njia ya mlimani ilipokauka, Sanam alimbeba akapanda naye. Alichukua pia nyundo ya kazi ya Norbuta, ile nzito. Mwenyewe hakujua aliichukulia nini.

Alikuwa palepale. Alikuwa mweupe. Chokaa ilikuwa imemfunika mabega na mapaja kwa tabaka jembamba linalong'aa, imemjaza masikioni, imemshona mikono kwenye magoti. Miezi saba haitoshi kwa kazi hiyo, kama mzee Eshkobil alisema kweli. Lakini mwenye pango alikuwa ameamua kuharakisha mwanzo ili aweze kuchelewa sana mwishoni. Macho yalikuwa wazi, na yalifuata taa. Mdomo ulibaki na upenyo mdogo, na kwenye upenyo ule pumzi ilipita.

"Vunja," alisema.

Sanam aliweka taa chini, akaishika nyundo kwa mikono miwili. Pigo moja la kifua lingetosha. Akasikia tone likisita juu, limejikusanya, halianguki, linamsubiri aamue, na mara ileile Zebo, aliyekuwa ameketi kwenye jiwe la pembeni, akatoa mlio mdogo na mguu wake ukapinda chini yake.

Aliiweka nyundo ardhini. Tone likaanguka.

Alisubiri kuona kama huruma itakuja. Haikuja. Alimnyanyua mtoto, akamsugua mguu mpaka akausikia umekaza, kisha akamsogeza mbele ya yule mtu mweupe na kumsimamisha. Zebo alishika goti la jiwe kwa mikono yote miwili, akayumba, akasimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama. Alicheka, akapiga goti kwa kiganja, na machozi yakamtoka baba yake, yakashuka polepole na kukauka njiani, na kila yalipopita pakabaki mstari mpya mweupe.

"Mwangalie vizuri," Sanam alisema. "Ana miguu mizuri. Nitakuwa namleta kila mwaka umwone anavyokua."

Alimwacha asimame pale mpaka alipochoka, kisha akambeba, wakashuka kwenda kupika.